Macho ya Wakati wa Mbelewele

Siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya arusi yangu, mwanangu, na nitakusimulia kwa sababu tangu juzi unaniangalia vibaya. Keti, Mama Kabula. Najua umemkataza mtoto kulala chumbani kwangu, na chai niliyommiminia jana uliimwaga nyuma ya nyumba. Mimi ni mtu wa kushuku tangu ujana, hakuna linalonipita. Wewe ni mke wa mjukuu wangu, na macho yangu mekundu yanakutia hofu.

Wakati huo nilikuwa msichana, kwetu kijijini, nje ya mji huu wa Shinyanga. Mahindi yalikuwa yametoa mbelewele, yale maua ya juu yenye unga wa njano, na majani ya malishoni yamechanua. Kila mwaka majira hayo macho yangu yaliwasha, yote mawili, yakatiririka machozi meupe, nikapiga chafya mpaka kuku wakakimbia. Bibi mzaa baba alikuwa vivyo hivyo. Tofauti ilikuwa kwenye ndimi za watu. Mimi niliulizwa kwa utani ni kijana gani wa machimbo ya Geita aliyeniliza. Bibi hakuulizwa kitu, watu walinyamaza tu akipita.

Basi mtoto wa jirani akafariki kwa homa, tukaenda msibani. Bibi alipoketi mkekani, wanawake wakaondoka mmoja mmoja, wakijifanya wanafuata kivuli, mpaka akabaki peke yake. Nikamsikia mmoja akinong'ona, "Kikulacho ki nguoni mwako." Kwetu, mwanangu, mwanamke mzee mwenye macho mekundu hakuhitaji shahidi wa kumtia hatiani kwa uchawi. Aliweza kufukuzwa, au kufuatwa kwa mapanga, na hata siku hizi wapo wanaozikwa kwa ajili ya rangi ya macho. Nilijua hayo, nikamwogopea sana. Lakini badala ya kwenda kuketi naye, nikavuta kanga usoni nifiche macho yangu.

Bibi aliniona. "Ng'wanone, njoo hapa," akaniita, yaani mwanangu, kwa Kisukuma chetu. Akaishusha ile kanga, akanishika kidevu, akaugeuza uso wangu kwa watu.

"Mtazameni huyu, kisha nitazameni mimi," akasema bila kupaza sauti. "Kama yake ni machozi ya msiba, yangu ni ya nini?"

Mama wa marehemu, ambaye siku hiyo macho yake yalikuwa mekundu kuliko yetu sote, aliinuka akaja kuketi kwenye mkeka wetu.

Njiani bibi alinikemea, na kemeo lile bado ninalo. "Ukificha macho yako," alisema, "unawaambia kwamba yangu yana kosa."

Baba akatupeleka hospitali mjini. Daktari aliuliza yanaanza majira gani, yanawasha au yanauma, yanatoa maji au usaha. Akasema ni mzio, hiki mnachokiita aleji, unaletwa na unga wa maua na vumbi, wala hauambukizi. Hata hivyo hatukurudi tena kuishi kijijini. Baba aliihofia ile minong'ono, akatuhamishia hapa mjini, Ngokolo, na sikumlaumu.

Sasa leo asubuhi nimemwona Kabula akifikicha macho, yote mawili, na chafya juu. Ukamtazama yeye, kisha ukanitazama mimi. Usikatae. Mdhaniwa ndiye, kumbe siye. Chungulia dirishani kwako uone jirani alivyopanda mahindi hadi ukutani, na mbelewele zimeshatoka.

Kushuku siwezi kukukataza, maana nami ndivyo nilivyo, ila ukishuku anza na upepo. Funga hilo dirisha. Mtoto akitoka kucheza mwoshe uso kwa maji safi, na nywele kabla ya kulala, asiulalie ule unga. Nguo zake zianike ndani majira haya, na uwanja unyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa. Akiwashwa, mwekee kitambaa chenye maji baridi juu ya kope, maana kufikicha ni kuchochea moto. Usimtie maziwa ya mama, wala utomvu, wala matone yaliyobaki ya mtu mwingine. Usikimbilie kununua dukani pia, kwani zipo dawa za macho zinazotuliza leo na kuharibu baadaye. Mpeleke kwa daktari ampime. Na ukiona usaha, au maumivu, au anakimbia mwanga, au haoni vizuri, hayo si ya mbelewele, usingoje kesho.

Lakini kubwa ni hili. Macho hayo naona kayatoa kwangu, nami niliyatoa kwa bibi. Leo ni mtoto, watamwonea huruma. Akiwa msichana watamtania. Halafu atazeeka, mwanangu, katika nyumba ya mke wa mjukuu wake, na neno utakalolisema wewe juu ya macho yangu ndilo litakalokuwa linamngoja huko. Mimi sina muda mrefu wa kusemwa. Yeye anao.

Mungu akupe uzee ambao watu wataketi karibu nao. Ampe Kabula macho ya kuwaona wajukuu zake, na wajukuu wasiyaogope. Sasa mlete nimwoshe uso. Maji nimeyachemsha, yamepoa, na wewe unaweza kusimama hapo mlangoni ukatazama.