Wimbo wa Hiram Hauishi

Watu husema mimi nina mdomo, na sikatai. Lakini nataka yule anayesema hivyo akae wiki tatu kwenye kikundi kimoja na Hiram Muiruri, halafu aje aniambie kama yeye hangeotesha mdomo.

Hiram ni kijana wa miaka ishirini na mbili, mrefu, mpole mpaka anaudhi. Anaishi mtaa wa Kaptembwo na nyanya yake, shosho, na kila asubuhi hutembea mpaka chuo chetu cha muziki akiwa amebeba kinanda mgongoni, kimefungwa kwa leso ya shosho kwa sababu zipu ya mfuko wake iliharibika mwaka juzi. Vijana wa bodaboda wakimwona wanamtania kama mama aliyebeba mtoto, "Mathe, mtoto amelala?" Naye hakasiriki. Anawajibu, "Amelala, boss, asante," anapita. Sasa mtu kama huyo utamgombeza vipi?

Jioni humsaidia shosho kuuza mandazi. Jumapili hupiga kinanda kwenye kanisa la mabati la Pastor Khisa, kule kule Kaptembwo, na amefanya hivyo tangu akiwa na miaka kumi na moja. Hajawahi kufundishwa na mtu, na anapiga vizuri kuliko sisi wote darasani, pamoja na wale wanaokuja na miwani ya jua ndani ya nyumba.

Kikundi chetu kilikuwa cha watu watatu. Mimi, Jemutai, kwenye dramu. Odongo kwenye gitaa la besi, mtu wa maneno machache na njaa nyingi. Na Hiram. Mwalimu wetu, Madam Wariara, alitupa kazi ya mwisho wa muhula: tutunge muziki mtupu, bila maneno, tuupige sote pamoja mara moja tu studioni, bila kukatakata na kuunganisha kwa kompyuta.

"Dakika tatu," alisema. "Mkizidisha au mkipunguza, isipite sekunde tano. Na nikisikia sauti ya mtu kwenye rekodi, hata ikiwa ni kikohozi, ni sufuri. Jemutai, umenisikia?"

Nilimsikia sana. Mwaka uliotangulia nilipata sufuri kwenye somo hilo hilo kwa sababu katikati ya rekodi nilimwambia mpiga gitaa aache ujinga. Na alikuwa akifanya ujinga kweli, lakini hilo halikunisaidia. Sheria ya chuo ni kwamba ukianguka somo moja mara mbili, unafunga virago. Baba yangu, kule nyumbani Mau Narok, ana ekari nne za viazi na alikuwa ameshaniambia wazi: "Muziki ukikushinda, jembe liko." Sina ubaya na viazi, nimelelewa na viazi. Lakini nikikaa mbali na dramu siku mbili napiga hata meza ya kulia chakula, na mama hunifukuza jikoni.

Mazoezi yalianza vizuri mno. Mimi nilileta mdundo, Odongo akaleta besi inayotembea polepole, na Hiram akaweka juu yake tuni tamu hivi kwamba siku ya kwanza nilisahau kupiga. Tukapanga mwisho wake vizuri: raundi nne, halafu tunashuka pamoja, tunanyamaza. Saa ikafika dakika tatu. Mimi nikanyamaza. Odongo akanyamaza.

Hiram akaendelea.

Nikamwonyesha saa. Akaendelea. Nikamwita, "Wee Hiram!" Akatabasamu, akapandisha tuni juu kidogo. Odongo akatoa chapati mfukoni, akaila ikaisha. Dakika ya kumi na moja, Kipngeno, soja wa getini, alichungulia dirishani machozi yakimlengalenga na kusema, "Amina! Ubarikiwe, kijana."

Hapo hapo Hiram alitua vidole, akamalizia kwa mlio mmoja mzuri sana, akaondoa mikono.

"Kwani shida yako ni gani?" nikamwuliza, na sikuuliza kwa upole.

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu. "Kanisani kinanda hakimalizi, Jemutai. Kinamalizwa. Pastor akisema Amina, ndiyo unatua. Yule aliyekuwa kabla yangu alimaliza siku moja Pastor akiwa bado anaongea. Siku hizi anaabudu Naivasha."

Nikamwambia sawa, basi tutakupa ishara. Ala! Kumbe ishara zote duniani zilikuwa zimeshachukuliwa na kanisa la Pastor Khisa. Nikiinua mkono, Hiram anaongeza sauti, kwa sababu mkono juu ni mtu ameguswa. Nikiinamisha kichwa, anapiga polepole, kwa sababu maombi yameanza. Odongo akimgonga bega, anazidi kupiga, kwa sababu hiyo ni habari kwamba maikrofoni ya Pastor imezima na watu wasiachwe kimya. Nikaamua kuangalia saa yangu kwa nguvu, uso umekunjwa. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Pastor akiangalia saa, Hiram alinieleza, ujue bado nusu saa.

"Sasa si nikurushie kijiti cha dramu?" nikafoka.

Akafikiria kwa makini. "Hiyo hatuna," akasema. "Lakini nikishtuka huwa napandisha tuni."

Haki, nilitoka nje nikaongea na ukuta.

Jumapili iliyofuata nilivaa sketi ndefu nikaenda Kaptembwo mwenyewe, nimwone huyo Pastor na nimwulize siri yake. Ibada ilianza saa tatu asubuhi. Saa sita Pastor Khisa akasema, "Na kwa kumalizia," nikafurahi. Alisema hivyo mara saba. Kila akisema, kinanda cha Hiram kinapanda chini yake kama maziwa yanayochemka, na Pastor anashika upya mahali pengine kwenye Biblia. Kufikia saa nane na nusu sauti yake ilikuwa imebaki mkwaruzo. Ndipo akasema Amina, karibu kwa kunong'ona, na Hiram akatua.

Nilimkuta nyuma ya kanisa akinywa maji ya moto kwa kikombe, jasho likimtiririka.

"Pastor, shikamoo, mimi ninasoma na Hiram," nikamwambia. "Naomba uniambie, wewe unamzuia vipi?"

Aliangalia kushoto na kulia, kisha akanivuta karibu na tangi la maji.

"Binti yangu, nani anamzuia? Mimi ninamngoja yeye!"

"Unamngoja amalize?"

"Kinanda kikilia vile, utasemaje Amina? Utamkatiza mtu katikati ya upako? Mahubiri yangu ni ya dakika arobaini. Hayo mengine yote ni mimi kumngoja huyo kijana. Sauti ikinikauka kabisa ndiyo namkatiza, na huwa naomba msamaha nikifika nyumbani."

"Miaka kumi na moja, Pastor? Na hukumwambia?"

"Nitamwambiaje?" akasema kwa huruma. "Anapiga vizuri sana."

Mtu mwenye busara angekaa na jambo kama hilo, alitafutie namna ya kulisema. Mimi nililibeba mpaka Jumatatu saa nne, na tulipokaa kibandani kwa chai nikalimwaga lote mezani, tena nikicheka. Nilimwambia kwamba Pastor anamngoja yeye, na yeye anamngoja Pastor, na kanisa zima linakaa na njaa likiwangoja wote wawili. Odongo alicheka mpaka chai ikamtoka puani.

Hiram hakucheka. Aliweka mandazi chini.

"Miaka kumi na moja?" akauliza. "Na wale wamama wenye watoto wadogo?"

Akafunga kinanda chake na leso, akaondoka. Jumanne hakuja. Jumatano hakuja, na simu yake ilikuwa imezimwa. Nilijichukia. Mtihani wetu ulikuwa Alhamisi asubuhi, lakini sitasema uongo, usiku ule sikuwaza mtihani peke yake. Nilimwaza kijana mmoja mpole ambaye alitoa kila Jumapili yake kwa moyo safi, halafu mimi nikamwonyesha kwamba alikuwa mzigo, na nikamwonyesha huku nikicheka. Mdomo huu, kuna siku nitaufunga na leso.

Alhamisi saa mbili nilikuwa nimeketi kwenye ngazi za studio, nimeshatunga maneno ya kumwambia Baba, Hiram alipotokea, kinanda, yule mtoto wake, mgongoni.

"Hiram, nisamehe," nikamwambia, na machozi yalikuwa karibu. "Nilikosa."

"Wacha," akasema. "Nilikuwa nafikiria tu." Hakuniambia anafikiria nini, na mlango ukafunguliwa tukaitwa.

Madam Wariara alikaa upande wa pili wa kioo, saa mkononi. Taa nyekundu ikawaka. Nikahesabu kwa kijiti, tukaanza.

Tulipiga vizuri. Nasema hivyo ingawa nilikuwa ndani yake. Odongo alitembea na besi yake bila kukosea, na Hiram aliipiga ile tuni kana kwamba siku zile mbili alikuwa akiifanyia mazoezi. Raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Dakika mbili na sekunde arobaini aliinua macho, akayaelekeza kwenye mdomo wangu.

Woi. Nilijua anachotafuta. Neno moja tu kutoka kwangu, na angetua. Na neno hilo moja lingenipeleka Mau Narok. Nikafunga midomo mpaka meno yakaniuma. Mikono ilikuwa na dramu, kichwa sikuthubutu kukiinamisha, na saa sikuthubutu kuiangalia. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa na jambo la kusema nisiliseme, nikamwangalia tu Hiram usoni, naye akaona kwamba kwangu hakutatoka kitu.

Akafumba macho.

Sekunde hamsini na tano. Mkono wake wa kushoto ukaanza kushuka. Odongo akashtuka, akamfuata. Nami nikafuata. Hiram akaizungusha tuni mara ya mwisho, taratibu, akaiweka chini yeye mwenyewe bila kuwekewa na mtu, na mimi nikagusa sahani ya dramu kidogo tu. Kimya. Dakika tatu na sekunde mbili.

Taa nyekundu ilikuwa bado inawaka. Na hapo, macho yakiwa bado yamefumbwa, Hiram akasema polepole lakini vizuri kabisa:

"Amina."

Odongo aliegemea ukuta. Taa ikazima.

Madam Wariara alituchezea rekodi yote tena. Sisi tulisimama kama watu walioletwa mbele ya chifu. Ilipofika mwisho, ile "Amina" ikatoka kwenye spika ikiwa kubwa na wazi. Madam akairudisha nyuma, akaisikiliza mara ya pili. Akavua miwani.

"Sheria mnaijua," akasema.

"Tunaijua, Madam," nikajibu.

"Sauti kwenye muziki ni sufuri." Aliandika kitu kwenye karatasi yake. "Muziki umeisha dakika tatu na sekunde mbili. Huyu ameongea sekunde ya nne. Muziki ulikuwa umeshaisha, na mimi nasahihisha muziki. Hayo mengine ni yake na Mungu wake. Sabini na nane. Nendeni."

Nililia. Nililia pale pale, mbele ya Madam, mbele ya Odongo, kamasi na kila kitu, wala sioni aibu kulisema. Nikamkumbatia Hiram pamoja na kinanda chake.

"Kwani nilisema kitu?" Hiram akauliza.

"Ulisema, Hiram. Ulisema."

Akatafakari jambo hilo, uso ukamng'aa taratibu kama mtu aliyepewa ufunguo wa nyumba yake mwenyewe. Halafu akamgeukia Madam Wariara na kuinua mkono kwa heshima.

"Madam, naomba turudie kidogo. Sasa nina mwisho mwingine mzuri hata kuliko huo."

Nikamshika kola kabla Madam hajajibu, tukatoka.