Hadisi Niliyoinunua Bogoro

Hadisi moja ya Bogoro ilinikula vipande viwili vya sabuni, kilo moja ya chumvi na miaka mine ya kufundisha kosa. Sabuni na chumvi nilizihesabu mara mbili. Miaka sikuihesabu hata mara moja.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa nikifundisha fasihi linganishi katika chuo cha juu cha walimu hapa Bunia, na vitabu vyetu vyote vilikuwa vya Wazungu, vingine bila jalada. Nitalinganisha nini na nini, kama za kwetu haziko kwenye karatasi? Nikapanda kamio, lori la wachuuzi wa samaki, nikashuka Bogoro, nchi ya wafugaji, kwa mama muzee mmoja aliyesifiwa kwa hadisi.

Alitaka sabuni tatu na kilo mbili za chumvi. Mimi ni mtoto wa mchuuzi aliyetoka Butembo. Kwetu bei ya kwanza ni salamu tu.

"Mama, kwa bei hiyo, hadisi yako iko na miguu mingapi?"

"Mine," akajibu. "Na maziwa iko nayo."

Tukabishana mpaka chai ikapoa. Akashusha bei, akanisimulia habari za dume la ngombe lililokataa kuvuka mto mpaka mwenye ngombe aungame alichokificha. Nikaandika yote daftarini, nikarudi nikijisifu.

Mambasa, kule msituni, nilikuwa nimepata hadisi inayofanana nayo, ya mbwa wa mwindaji, na ile ilikuwa na wimbo unaorudiwa mara tano. Ya Bogoro haikuwa na wimbo. Hapo nikajenga nyumba nzima juu ya nguzo moja: msituni watu hawaonani, kwa hiyo hadisi zao zinaimba ili waitane; wafugaji wanaonana kwa mbali kwenye nyasi, kwa hiyo wao wanasimulia tu. Ilipendeza sana kwenye karatasi. Nikaipiga stensili, nikawagawia wanafunzi nakala, na watu wakafaulu mitihani kwayo.

Mwaka wa nne, mwanafunzi mmoja, binti wa wafugaji wa kule kule, akacheka katikati ya somo. Nikamuuliza kinachomchekesha.

"Prof, samahani. Ile hadisi iko na wimbo. Siye wote kwetu tunauimba. Weye ulipewa ao ulinunua?"

"Nilinunua. Na bei niliishusha vizuri."

"Basi ndiyo sababu. Kwetu, ukiuzisha ngombe, kamba inabaki na weye. Ukiiachilia, baraka ya zizi inaifuata."

Juma lile nikarudi Bogoro na kilo tatu za chumvi. Mama akanipa maziwa, na hakukana kitu.

"Ungeniomba kama mugeni, ningekuimbia mpaka uchoke. Weye ulibisha bei. Kitu cha bei kinatoka bila kamba."

"Basi nipe kamba, mama. Chumvi ni hii, sibishi."

"Kamba haiuzishwi, mutoto wangu. Rudisha ngombe, kisha uniombe."

Nikamwekea daftari lile mkononi. Akaligeuza huku na huku, akauliza kama ngombe yote iko humo. Hapo nikawafikiria walimu niliokwisha kuwafundisha, mmoja Nyankunde, wawili Mambasa, wengine sijui wapi, kila mmoja akiwaambia watoto kwamba wafugaji hawaimbi hadisi zao.

"Si yote," nikasema.

Akanirudishia daftari. "Nusu ya ngombe sipokei."

Sasa miaka ya themanini inakaribia kwisha. Darasani nimekwisha kusahihisha. Nasema wazi kwamba wimbo uko na kwamba mimi sinao. Makaratasi ya stensili nimeyafuata shule kwa shule. Yalitoka mia moja na ishirini, yamerudi arobaini na moja. Lakini lililoingia kichwani mwa mtu halina njia ya kurudi, na mama sauti yake inapungua kila ninapopita kumsalimu. Maneno ya wimbo ningeweza kuyapata kwa mwanafunzi yule. Nilimuomba, akasema maneno ya kwao ni ya nyumba nyingine, si ya mama. Weye unayesoma, kama uliisha kurudisha kitu ambacho watu wengi walikwisha kukila, nishauri: nimpelekee mama nini, aone ngombe imerudi?