Mgeni wa Saa Sita, Mtaa wa Swahili

Uwesu ni fundi saa. Meza yake ya kioo iko Mtaa wa Swahili, Kariakoo, ubavuni mwa duka la nyuzi na zipu la Violeth, na ameikalia miaka thelathini na mmoja tangu alipotoka Newala. Hajawahi kupanda ndege. Lakini akikosa mteja, lazima utamkuta anamdadisi mtu: Mchina wa duka la mikoba anakula nini asubuhi, Mkongo aliyefuata vitenge amepitia mpaka upi, kwao mvua hunyesha mwezi gani. Violeth humtania kwamba serikali ilikosea, ingempa kazi uhamiaji.

Jumanne moja ya mwezi wa sita, mwanamke mrefu alisimama mbele ya meza yake. Alikuwa amejitanda shuka jeupe jepesi lenye pindo za rangi, na saa yake ya mkononi ameishika kiganjani kama mtu aliyeokota kifaranga.

"Habari, mzee. Hii mkanda imetoka. Unaweza nitengenezea haraka? Niko na masaa sita tu."

Kiswahili kilikuwa cha Nairobi, lafudhi haikuwa ya Nairobi. Uwesu akainua kichwa.

"Masaa sita ya nini, dada?"

"Ya kuwa hapa kwenu. Nimetoka Moroni kumwona ndugu yangu, naenda Addis. Tumetua saa mbili, ndege ingine inaondoka saa nane. Nikaona nikikaa uwanjani nitarudi nyumbani na habari za viti tu. Nikamwambia mtu wa teksi, nipeleke mahali watu wako wengi."

"Basi hakukudanganya."

Aliitwa Aberash. Alikuwa ameishi Nairobi miaka saba akiuza nguo, kisha akarudi kwao Ethiopia. Tanzania alikuwa hajawahi kufika.

Uwesu akachomeka pini mpya kwenye mkanda. Alipoigeuza saa akaona kitu: mshale mfupi ulikuwa kwenye nne, mrefu kwenye tatu. Saa zote mezani pake zilikuwa na mshale mfupi kwenye kumi, maana ilikuwa saa nne na robo asubuhi. Masikini, akawaza, saa yake bado iko nchi nyingine. Bila kusema neno akavuta kifundo cha ubavuni mwa saa, akauzungusha mshale hadi kwenye kumi, akafuta kioo, akamfunga mkononi. Alifanya kwa wema tu, kama unavyomfunga mtoto wa mwenzio kamba za viatu.

"Sasa niambie," Aberash akasema, "mtu akiwa na masaa mawili, aone nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Uwesu akaitazama barabara kana kwamba na yeye ameshuka leo. Akamwomba Violeth amwangalizie meza, wakaondoka.

Mgeni alikuwa anauliza kumzidi yeye. Kwa nini wale wanabeba mabegi ya watu kichwani badala ya kuyakokota? Yule anapaza sauti anasema nini? Walifika kwa Hashimu muuza kahawa, Aberash akanywa kikombe akiwa amefumba macho.

"Mmeikaanga sana," akasema. Halafu akanyoosha kikombe aongezwe.

Wazee wa benchi wakataka kujua habari za kwao. Akawaambia kwamba Ethiopia mwaka una miezi kumi na mitatu, na kwamba kwa kalenda yao wako nyuma miaka saba na kitu. Benchi zima likacheka. Uwesu akapiga hesabu kidogo.

"Ina maana huko kwenu mimi bado sijafika hamsini?"

"Karibu, kijana," Aberash akamjibu.

Kutoka hapo wakaingia uchochoro wa viungo. Juu kumetandwa maturubai, jua halionekani, watu wanapishana kwa mabega. Aberash akachota mbegu za uwatu, akazinusa, akapiga kelele ya furaha: kwao zinaitwa abish, mama yake hupika nazo. Akapimiwa mfuko. Alipokuwa anaupokea, jicho likaangukia saa yake.

Uso ukambadilika.

"Kumi na moja! Saa kumi na moja na nusu! Ndege imeniacha!"

Akatoka mbio. Uwesu akamfuata akiomba njia, huku anawaza ni wazimu gani huu. Alimpata Mtaa wa Msimbazi, anasimamisha kila bajaji inayopita, machozi yanamlengalenga.

"Dada, tazama jua! Liko utosini! Ni saa tano na nusu hii."

"Hii saa haijawahi kunidanganya," akasema, akimwonyesha mkono. "Ninyi na watu wa Nairobi saa zenu najua ziko kinyume. Yangu sijaibadilisha hata siku moja. Ikiwa saa nne, mshale unakaa kwenye nne."

Uwesu akakumbuka kifundo alichokivuta.

"Ni mimi," akasema. "Nimeigeuza mimi. Niliona imepotea. Nisamehe sana."

Aberash akamtazama, akalitazama jua, akashusha pumzi ndefu mpaka mabega yakalegea.

Uwesu akaivuta saa palepale kando ya barabara, akairudisha. "Kwa hiyo na ninyi mnahesabu tangu jua linapotoka?"

"Tangu zamani."

"Na sisi hivyohivyo."

"Sasa kwa nini mshale wenu uko kwenye kumi na wewe unasema nne? Hata Nairobi niliuliza, hakuna aliyenijibu."

Uwesu alijua alichofundishwa tu. Mwalimu wake, marehemu Abdulrazak, alimfundisha kwamba mshale mfupi husomwa mkiani, upande wa pili, basi. Hakuwahi kuuliza sababu, yeye anayeuliza kila mtu kila kitu. Akamweleza hivyo hivyo. Aberash alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la shuka.

Bajaji ikasimama. Wakaandikiana namba za simu, akapanda na mfuko wake wa uwatu, na kabla ya saa saba akatuma ujumbe kwamba amefika.

Wiki iliyofuata ilikuja picha: duka la saa Addis, ukuta mzima. Uwesu akaikuza kwa vidole, akahesabu moja moja. Kumi na moja zilifuata jua, kama ya Aberash. Nane zilikuwa kama za kwake. Akarekodi sauti: "Dada, na huyo fundi wenu, mteja akija anamuuliza nini kabla ya kuigusa saa yake?"

Akaiweka simu juu ya kioo, akawa anaitupia macho kila baada ya skrubu moja.