Mikono ya Mama Mkubwa Rosalia

Kila asubuhi, kabla hajamgusa mtu, Mama mkubwa Rosalia alikuwa analishika birika la chai kwa viganja vyote viwili. Halafu anaweka viganja mashavuni mwake mwenyewe, anafumba macho kidogo. Vikiwa bado vya baridi, anarudia. "Mkono wa baridi unamtukana mgonjwa," alikuwa anasema. Ndipo anamimina mafuta ya ufuta, yale anayoletewa kutoka Masasi kwenye chupa ya soda, na kazi inaanza.

Ni dada yake mama yetu. Mwenyewe hakujaliwa kuzaa, kwa hiyo mie na dada yangu Herieth ndio watoto wake. Tunaishi wote Kiwalani, vyumba viwili. Mtaani kwetu mwanamke akijifungua anakandwa na yeye. Fundi akidondoka kwenye ngazi analetwa kwake. Jirani yetu Mwanaheri alikuwaga anasema, huyu ukimpa gari bovu atalikanda mpaka liwake.

Herieth alipoanza kulalamikia goti, wote tulijua sababu. Netiboli. Alianguka uwanjani shuleni, akarudi anachechemea, goti limevimba. Mama mkubwa akalishika goti, akalizungusha taratibu.

"Mshipa umepanda," akasema. "Huu nautoa."

Akawa anamkanda kila siku kabla ya shule. Herieth anauma pindo la kanga.

"Mama mkubwa, unanikanda mie au unakanda unga?"

"Unga haunaga mdomo. Tulia."

Uvimbe haukuisha. Ngozi ya goti ikavutika mpaka ikang'aa. Mama akasema tumpeleke hospitali wakampige picha. Mama mkubwa akasema subiri, unalainika, nausikia kwa vidole. Mama akamwamini, na nani mtaani asingemwamini? Hata Herieth alisema akishakandwa ndio anapata usingizi. Tukasubiri. Mvua za vuli zikaja zikapita, mpaka asubuhi aliyoshindwa kushuka kitandani.

Hospitali walimpiga picha, wakakata kipande cha nyama kikaenda kupimwa. Siku ya majibu tuliingia wote. Daktari alikuwa kijana, sauti ya chini. Akasema ni saratani ya mfupa, ataanza dawa za dripu, halafu mguu utakatwa juu ya goti. Kisha akaitazama ile ngozi iliyolowa mafuta.

"Mlikuwa mnalikanda?"

Mama akaangalia sakafu.

"Nilikuwa nalikanda mie," Mama mkubwa akasema.

"Uvimbe wa namna hii haukandwi, mama."

"Kwa hiyo nimeueneza?"

"Siwezi kukwambia ndiyo, siwezi kukwambia hapana. Mngewahi kuja ingekuwa bora."

Hakumgombeza. Nadhani angemgombeza ingekuwa nafuu.

Nyumbani hakuna aliyeligusa tena jambo lile. Nilichokiona ni kwamba mama alizidisha adabu. Akipakua chakula anaanza na Mama mkubwa. Kila sentensi ina "dada" ndani yake. Mama mkubwa naye akawa anafua, anapika, anashika beseni Herieth akitapika kwa zile dawa. Lakini akimaliza, mikono inarudi ndani ya kanga. Birika likichemka anamimina chai tu.

Mwanaheri alijifungua, akapiga simu. "Mama, maji yameshachemka, nakungoja wewe tu."

"Tafuta mwingine, mwanangu. Mie mikono inaumwa."

Mama yetu alikuwa palepale. "Dada, nenda. Si ndiyo kazi yako?"

"Kazi yangu umeiona."

Ndege ikapita juu ya bati. Sie huku karibu na uwanja wa ndege tumezoea, ndege ikipita maneno yanasimama, ikishapita mtu anaendelea pale alipoachia. Siku ile ndege ilipita, na hakuna aliyeendelea.

Mguu ukakatwa. Herieth akatania kwamba sasa ndala ya kulia hata ikikatika si hasara. Tukacheka, mama akatoka nje. Baada ya Pasaka tukaambiwa ugonjwa umefika kwenye mapafu. Safari hii daktari hakutaja dripu. Alitupa dawa ya maji ya kutuliza maumivu, akasema mkae naye nyumbani, mpeni anachokipenda.

Alichokipenda alikiomba mchana mmoja. Mama alikuwa amefuata dawa. Mie nilikuwa mlangoni nachambua mchicha. Mama mkubwa amekaa kitandani anampepea.

"Mama mkubwa, mguu unauma."

"Upi?"

"Huo ambao haupo. Vidole vimejikunja. Nikande."

"Pale hapana kitu, mwanangu."

"Basi si ndio vizuri. Huo huwezi kuuharibu tena."

Alisema akitabasamu, kama anavyotania siku zote. Halafu akauona uso wa Mama mkubwa, tabasamu likamtoka.

"Basi mabega," akasema. "Mabega tu. Tangu siku ile hujanigusa."

Mama mkubwa akainuka. Nikamsikia anabandika birika, moyo wangu ukatulia kidogo. Maji yalipochemka akaliepua, akalishika kwa viganja likiwa bado linafuka mvuke.

"Utaungua, Mama mkubwa," nikasema.

Akaweka viganja mashavuni, akafumba macho. Akatikisa kichwa. Akalishika tena, akaweka tena mashavuni, akatikisa kichwa. Viganja vilikuwa vimeiva, vyekundu, na bado anatikisa kichwa.

Mwisho akachukua chupa ya mafuta akanipa mie.

"Mpake wewe. Usibonyeze."

"Mie sijui kukanda."

"Ndio vizuri."

Akajitanda kanga, akavaa ndala, akatoka. Hakuchukua simu wala pochi. Nikadhani anaenda kwa Mwanaheri, lakini aliupita mlango wa jirani huyo bila kugeuza shingo, akakata kona kwenye duka la mkaa.

Nikamimina mafuta, nikamshika Herieth mabega. Akashtuka.

"Mikono yako ya baridi," akasema. "Acha. Nitamngoja mwenyewe."

Usiku ule hakurudi, tukaanza kumtafuta. Masasi kwetu walisema hajafika. Kwa ndugu wa Kigamboni hayupo. Upepo ukilichezesha pazia la mlango, Herieth anageuza kichwa. Mpaka akawa hawezi tena kugeuza kichwa, anageuza macho tu.