Liboke Njiani Kwenda Opala

Familia ya marehemu mke wangu ilikaa kikao ikakata shauri: binti yangu wa miaka saba aende Opala akalelewe na mama yake mkubwa. Sababu? Huyo dada wa mke wangu alipita kwetu Kisangani jioni moja, akamkuta mtoto anakula mkate na chai. Jioni moja tu! Akaenda kuwaambia wote kwamba sijui kuwasha hata mbabula, jiko la makaa, kwamba chakula chetu chote kinatoka malewa, kwa wamama wanaouza barabarani. Nilichemka kwa hasira, siwafichi. Lakini kikao kikishakata, mwanaume mjane atabishana na nani? Nikasema basi, nitampeleka mwenyewe.

Tukavuka mto mpaka Lubunga, tukashika njia kwa pikipiki yangu: mimi mbele, mtoto katikati, huyo dada nyuma na mizigo yake. Semeki, yaani shemeji, hakunisemesha njia nzima. Saa kumi jioni tukafika kwenye mto mmoja na bac, kile kivuko, iko panne, imeharibika. Mwenye bac alikuwa amefungua motere yote, injini nje nje, mikono myeusi kwa oili. Akasema mpaka kesho asubuhi. Karibu hapakuwa na kijiji, kwa hiyo nikafunga hema la plastiki kati ya miti miwili.

"Papa, niko na njala," mtoto akasema.

Semeki akakaa juu ya mzigo wake, akakunja mikono. "Bon, semeki. Pika basi, tuone."

Nilikuwa na sufuria, chumvi, pilipili, mafuta ya mawese kwenye chupa ndogo na kichana cha makemba, ndizi za kupika, nilichonunua njiani. Mvuvi akapita na pirogi, mtumbwi wake, nikanunua kwake ngolo wawili wanono, wale samaki wa sharubu. Nikaingia msituni kidogo kukata majani mapana ya liboke, yale ya kufungia samaki wa kuchoma kwenye makaa, na pembeni ya njia nikachuma lumbalumba, majani ya kunukisha chakula. Kuni zilikuwa zimelowa. Nikazipasua kwa panga mpaka nikapata moyo mkavu, moto ukashika, ndimi zikapanda juu kabisa. Makemba nikayabandika yachemke. Samaki nikawapaka chumvi na pilipili, nikawafunga na lumbalumba ndani ya majani.

"Weka sasa," semeki akasema. "Mutoto iko na njala."

"Huu moto utachoma majani. Tunangoja makaa."

"Ah bon. Kumbe unajua mambo ya makaa."

Mimi ni mtu nisiyengoja hata chai ipoe. Siku hiyo nilichuchumaa nikangoja, mtoto ananivuta shati, shemeji ananitazama, na nilijua kabisa: samaki akiungua, binti yangu amekwenda. Kuni zikaisha kuwaka, zikabaki nyekundu. Hapo ndipo nikalaza maboke. Nikachonga kijiti kinene, nikayaponda makemba humo humo sufuriani na mawese, yakawa lituma laini, manjano.

Nilipofungua majani, harufu ilimfikia hata mwenye bac, akaacha motere akaja. Mtoto alikula mpaka mafuta yakamshuka kwenye viwiko. Semeki akamega kipande, akatafuna, akaacha kutafuna.

"Hii lumbalumba, nani alikuonesha?"

"Dada yako," nikamjibu. "Mwaka ule wa ugonjwa alilala chumbani, mlango wazi, mimi niko uani na sufuria. Anasema punguza moto, ongeza chumvi, bado, bado kidogo. Nikikosea ananicheka. Mwaka mzima mtoto huyu alikula cha mikono yangu. Na mpaka leo."

Semeki alikula mpaka akakwangua jani kwa kidole. Kisha akanisogezea jani tupu bila kunitazama.

"Iko ingine?"

"Iko." Nikampakulia liboke la pili na bonge la lituma, na sitasema uongo, nilijisikia mfalme.

Asubuhi motere ya bac ikanguruma. Nikaanza kufunga mizigo kwenye pikipiki. Semeki akachukua mizigo yake, akauzuia mkono wangu uliokuwa unashika mfuko wa binti yangu.

"Ya mutoto, acha."

"Na kikao?"

"Kikao ni miye niliita," akasema. "Nitawaambia nilikula."

Akavuka peke yake, ng'ambo akapanda pikipiki ya kukodi. Mimi nikageuza yangu kuelekea mjini, binti yangu nyuma amenishika kiunoni, nikapiga honi msituni ambamo hamkuwa na mtu wa kunipisha.