Fundi Mizani Apanda Kliniki

Ukiambiwa Ambokile wa Mwanjelwa ni mbishi, usikatae. Miaka ishirini anatengeneza mizani za wauza mchele, na haamini hata moja mpaka aijaribu kwa mawe yake mwenyewe.

Oktoba moja alipanda mlimani kwa wito wa nesi Yusta wa zahanati. Watoto kumi na wawili walikuwa wamepungua uzito tangu Julai, na nesi alishuku mizani. Bibi Evarista, ambaye mjukuu wake alikuwa mmoja wao, alimshuku mkwewe, Tumpe. Kwake yeye, Tumpe hamshibishi mtoto, na fundi akisema mizani ni nzima, leo hii angemchukua mjukuu akamlee mwenyewe. Tumpe alikuwa kwenye benchi amemkumbatia mwanawe, macho mekundu.

Ambokile alitundika jiwe la kilo mbili, kisha la tano, kisha yote mawili. Mshale ulisimama pale pale panapotakiwa.

"Mizani nzima," alisema, na roho ikamuuma. Hajawahi kutamani mizani iwe mbovu kama siku ile.

Bibi Evarista alinyoosha mikono. "Lete mtoto."

"Subiri kwanza, bibi," Ambokile alisema. Ubishi wake ulikuwa umepanda. "Nesi, Julai mlimpimaje huyu?"

"Kama alivyokuja, yeye na wenzake wote. Baridi ile ya Julai, utamvua mtoto wa watu?"

"Alivaa nini?"

"Sweta, suruali ya kufuma, kofia, na blanketi juu," Tumpe alijibu. "Mama mkwe hapa alifuma mwenyewe."

"Kazilete."

Nyumba haikuwa mbali, na Tumpe alikimbia. Nguo zile zilipotundikwa peke yake, zilikuwa na gramu mia tisa. Nesi Yusta alichukua kadi, iliyosema kilo saba na gramu mia moja kwa Julai, akatoa zile mia tisa.

"Bila nguo, Julai alikuwa kilo sita na gramu mia mbili. Leo, na kishati chepesi, sita na mia nane." Akarudia hesabu kwa kidole. "Huyu mtoto ameongezeka."

Ambokile alicheka kwa raha. Yeye alijua mshale, nesi alijua kadi, mama alijua nguo. Kila mmoja na chake, na miezi mitatu hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Bibi Evarista alikaa taratibu kando ya mkwewe, sweta likiwa mikononi.

"Nilitaka kukunyang'anya mtoto," alisema, "kwa uzito wa nyuzi zangu mwenyewe. Nisamehe, mwanangu."

 Tumpe alimweka mtoto kwenye mapaja ya bibi yake.