Buluu Nyuma ya Baba

Juzi, katika steshenari moja mjini Kilosa, kijana aliniandalia kwenye kompyuta picha ya marehemu mume wangu. Nyuma ya kichwa aliweka buluu nzito iliyofifia taratibu hadi ikawa nyeupe, nami nikakumbuka harufu ya rangi ya mafuta.

Alasiri moja, nikiwa bado mtoto, baba alinichukua hadi studio ya picha jirani na stesheni. Mpiga picha alikuwa akimalizia kupaka pazia la turubai, akiongeza nyeupe kidogo kidogo katika buluu. Baba alikuwa akikohoa ndani ya koti la kuazima.

“Mzee, koti hilo linawatosha wewe na shemeji!” mpiga picha alimtania.

“Piga tu, bwana. Huyu mtoto asije akaisahau sura yangu.”

Sikuelewa. Kwetu waliopigwa picha ni waliopata ajira katika mashamba ya miwa ya Ruhembe, hivyo njiani nilimtangazia kila tuliyekutana naye, “Baba amepata kazi!” Hakunisahihisha.

Picha ile niliiona tena nilipopewa niibebe mbele ya jeneza lake. Ninayo hadi leo. Imepauka, na weupe wa pazia umemmeza baba hadi machoni.

“Mama, nyeupe iishie wapi?” kijana aliniuliza.

“Popote,” nilimjibu, “ila isimfike usoni.”